Manowari Ndogo Kwenye Meza ya Woolwich

Baba yangu, pumzika kwanza, halafu unisikilize,

Juzi nilipita mtaa wa Woolwich kwa basi, nikauondoa uso dirishani. Miaka yote hii, na bado siwezi kuitazama nyumba tuliyopanga.

Unaikumbuka nyumba ile. Tulikuwa tumetoka Unguja, wewe, Mama na mimi, na kila mlango tuliobisha ulifungwa tukiwa bado tunasalimu. Yule mzee wa Kiingereza peke yake ndiye aliyetupangisha chumba, ghorofani kwake. Mama alimwita malaika. Jumapili moja akatualika chakula.

Karibu na moto lilisimama ganda la kombora, la shaba, linang'aa, limetiwa maua ya plastiki. Ulimuuliza kwa adabu limetoka wapi. Akafurahi! Babake, akasema, alikuwa baharia katika manowari ndogo iliyolipiga jumba la Sultani, kwetu Unguja, mwaka 1896. Kidude kidogo, lakini kombora lake la kwanza tu liliung'oa mzinga wa Sultani. Kikaendelea kupiga, jumba likawaka, na watu wakatimka kama kuku. Mzee akapigapiga viwiko kama mbawa, mchuzi ukimchuruzika kidevuni.

"Vita havikufika hata saa moja," alisema. "Baba aliirudia chai yake ikiwa bado vuguvugu."

Uliweka uma chini. Ukamwambia, kwa Kiingereza chako cha dukani, kwamba babu yako alikuwa mshona kanzu, na duka lake lilikuwa nyuma ya jumba lile. Kwamba bibi yako alimtafuta kwenye kifusi mpaka akaupata mkono, kidoleni bado kuna subana, kile kikofia cha chuma cha kushonea, na mkono huo ndio waliouzika.

Mzee alitafuna, akameza. "Bahati mbaya," akasema. Kisha akakusogezea sahani. "Ongeza viazi."

Sijapata kuuona uso wako vile, Baba. Ulikuwa kama mtu aliyeuma kitu kilichooza. Ukasimama.

"Mama Shirin, funga mizigo."

"Sasa hivi? Baridi yote hii? Tutalala wapi?" Mama alikuvuta mkono wa shati. "Kasema mambo ya zamani, mwache aseme!"

"Siwezi kula na mtu huyu tena. Wala kulala chini ya paa lake."

Tulitoka kwenye theluji. Mama alitangulia njia nzima, hadi mtaa wa Tottenham, kwa yule mama wa Kipemba aliyetutandikia jikoni kwake bila kuuliza neno. Asubuhi ulimwomba Mama radhi.

"Usiniombe," alisema. "Lile ganda nilikuwa nikilisugua mimi. Kila wiki ananipa kitambaa, nalisugua." Akaenda bombani, akanawa mikono, akanawa tena.

Watu huniambia nisamehe, yamepita. Mwanangu hunijibu kwa Kiingereza chake kwamba labda mzee hakujua. Alijua, Baba. Ulimwambia habari ya mkono, naye akakupa viazi. Mizinga ilipigwa na waliokufa zamani; viazi vile nilivishuhudia mwenyewe, na ndivyo vinavyonitapisha mpaka leo.

Hukumtukana, hukuvunja kitu. Ulitushika mkono ukatutoa. Nilikuwa mtoto, nililia kwa miguu kuganda, nikakuona katili.

Nakushukuru kwa baridi ile.

Lala salama, Baba.

Binti yako,
Shirin