Nyumba ya Kiwanja cha Tano

Jumamosi, Butembo. Manyunyu tangu asubuhi, ukungu haujaondoka mlimani hata dakika moja, na mimi siwezi kukaa mahali pamoja.

Nimechemsha chai mara tatu na sijamaliza hata kikombe kimoja. Nimefagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiwa. Mama aliniuliza kama nina minyoo. Sina minyoo, nina kiwanja cha tano, na ndiyo kwanza sasa, saa kumi na mbili jioni, naweza kukaa na kuandika.

Kwa anayefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Kahindo, na kazi yangu ni kukodisha nyumba ambazo huwezi kuzigusa. Kuna ulimwengu mzima ndani ya kompyuta. Watu wa kila nchi wanaingia humo wakiwa vikaragosi, wengine wana mabawa, wengine wana vichwa vya paka, na wote hao wanataka pa kukaa. Sijui mtu mwenye mabawa anahitaji sebule ya nini, lakini anaihitaji, na anailipia kwa pesa ya kweli. Mimi na binamu yangu Kambale tumekodi kisiwa kimoja kutoka kwa kampuni yenye ulimwengu huo. Nimekigawa viwanja sita, nimejenga nyumba sita, na wapangaji hunilipa kila mwezi. Kambale yuko Beni, mji wa jirani, ana kibanda cha pesa za simu. Yeye ndiye anayejua pesa hizo zipite wapi mpaka zigeuke unga na dawa za Mama.

Mtaani wanasema natafuta mume mzungu. Nimeacha kukanusha, maana kueleza kunachosha zaidi.

Tusidanganyane, si utajiri. Kisiwa kinalipiwa kila mwezi, wapangaji wawepo wasiwepo. Mwezi huu wawili wameondoka, na siku ya kulipa ni Jumatatu. Tusipolipa, kampuni inafuta kisiwa kizima pamoja na kila kitu kilicho juu yake. Kambale aliuza pikipiki yake ili tuanze. Sasa ni mwaka wa pili anatembea Beni nzima kwa miguu, na hajawahi kunitupia neno. Afadhali angenitukana.

Basi, kiwanja cha tano.

Nyumba ya pale niliijenga kabla ya zote. Ni ya mbao, ina mabati yaliyoanza kupata kutu, baraza refu mbele, jiko la nje nyuma, na pembeni uwanja wa kuanikia kakao. Ni nyumba yetu ya Oicha, tulikokuwa tunaishi kabla ya vita. Niliijenga kwa kukumbuka tu, kwa kuwa hatuna hata picha moja, na Mama sikumwambia. Mpangaji wake ni mama mmoja wa Ubelgiji anayejiita Odile. Wapangaji wengine wakiingia tu wanang'oa mapazia, wanapaka kuta rangi ya zambarau. Odile aliweka kiti kimoja barazani na paka mmoja juu ya kiti, akaacha kila kitu kama nilivyokijenga. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sijawahi kuona uso wake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akaacha kuingia. Hakulipa mwezi ule, wala uliofuata, wala huu.

Kanuni ya kazi yetu ni fupi. Mpangaji asipolipa, unangoja wiki moja, unabonyeza mahali pamoja, vitu vyake vinarudi kwenye ghala lake, nyumba yangu inarudi kwangu, na kiwanja kinabaki majani matupu. Hakuna kelele wala kuapizana. Nimeshawafanyia hivyo watu kadhaa, kisha nikaenda kula vizuri tu.

Odile sikumgusa. Nilimlipia kutoka kwenye sehemu yangu ya faida, miezi mitatu, kimya kimya.

Nitaeleza kwa nini, na anayetaka kucheka acheke. Tulikimbia Oicha asubuhi moja tukiwa na nguo tulizovaa, sufuria mbili na godoro. Mama alifunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani. Aliporudi kuangalia, miezi mingi baadaye, mlango wetu aliukuta kwenye nyumba ya jirani, Papa Mbusa, na kufuli letu bado linaning'inia. Mabati, mbao, madirisha, vyote vilikuwa vimepata kazi nyingine. Kwetu ilibaki sakafu. Papa Mbusa alimsalimia vizuri, akampa kiti na maji. Mama alikunywa maji, akashukuru, akarudi Butembo.

Kwa hiyo mtu akinyamaza, mimi nangoja. Na si mimi tu. Hapa kwetu simu ya mtu ikizimika hatusemi amekataa kulipa. Tunasema amefiwa, au amekimbia, au mtandao umekatwa upande wake. Kumwandama mtu wa hivyo kwa kodi ni aibu. Unangoja atokee mwenyewe, na akitokea unaanza na pole. Ndiyo sababu sikumwandikia Odile hata mstari mmoja. Niliona ndiyo heshima.

Alhamisi Kambale akaja. Alipanda taksi kutoka Beni, jambo ambalo halifanyi bila sababu. Amepatikana bwana mmoja wa Brazili anayetaka kufungua ukumbi wa muziki kisiwani kwetu. Anataka viwanja vitatu vilivyoshikana, cha nne, cha tano na cha sita, vikiwa vitupu, na atalipa miezi sita mbele. Cha nne na cha sita ndivyo hivyo vilivyoachwa mwezi huu. Bwana huyo alitupa mpaka leo saa kumi na moja. Bila jibu, atakwenda kisiwa kingine, na visiwa havikosekani.

Nikamwambia Kambale kuhusu Odile. Nikamwambia pia ya miezi mitatu. Alikuwa anakula, akaacha kula.

"Yaya Kahindo," akasema, kwa kuwa kwetu dada mkubwa huitwa yaya, "huyu muzungu hakukimbia vita. Alichoka tu na muchezo. Kule kwabo mutu anatoka mule sawa vile anatoka ku film, anazima, anaenda kulala."

Nikamjibu kwamba hatujui. Akasema kweli, hatujui, na akanawa mikono. Hakunipigia kelele. Ijumaa asubuhi alirudi Beni na kuniachia neno moja tu: uamuzi ni wangu, kwa kuwa nyumba nilijenga mimi. Ningependa anyang'anye kompyuta abonyeze mwenyewe. Lakini Kambale si wa hivyo, na mimi nilibaki na uamuzi wangu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani anayelia.

Ijumaa yote sikubonyeza.

Leo asubuhi Mama alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, mimi napita mbele yake naenda, narudi. Akaniambia nikae au nitoke nje. Nikakaa. Nikamweleza yote isipokuwa moja: sikusema nyumba ile inafanana na nini. Mama haelewi kompyuta, lakini nyumba, mpangaji na kodi anavielewa kuliko mimi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ulimuuliza?" akasema.

Nikasema hapana, nilikuwa namngojea.

"Lakini unangojea nini? Nyumba ya mutu, unaulizaka mwenyewe. Mbusa hakutuuliza, na namba ya simu yangu alikuwa nayo. Ni ile ndio iliniuma. Haikukuwa mabati."

Akaendelea na maharagwe yake. Miaka yote hii nilidhani kilichomuuma ni mabati.

Nikamwandikia Odile saa tano. Kwa Kifaransa, mistari michache: natumaini uko salama, nyumba yako bado ipo, kuna mtu anaihitaji nafasi, wewe wasemaje? Nilisoma barua ile mara kumi kabla ya kuituma. Kisha nikaanza hii habari ya chai.

Jibu lilikuja saa tisa na dakika chache. Odile hajambo kabisa. Alifurahi kusikia kutoka kwangu. Alisema baridi ilipokaza kwao alinunua mbwa, mbwa wa kweli, na tangu hapo hana muda wa kuingia mule. Nyumba aliisahau, samahani sana, ilikuwa nyumba nzuri. Nimpe yeyote anayeitaka, au niifute, kwake ni sawa. Mwisho aliweka picha ya mbwa.

Nilimtazama yule mbwa muda mrefu. Ni mbwa mnene mwenye masikio marefu, amelala kwenye zulia.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Si na Odile, maskini, yeye amefanya kosa gani? Nilijikasirikia mimi. Nimelinda nyumba miezi mitatu kwa ajili ya mtu niliyemtungia vita mwenyewe kichwani, nikamlilia kilio kisichomhusu, na Kambale anapasua viatu Beni. Maneno mawili ya salamu mwezi wa kwanza yangemaliza kila kitu. Heshima gani hiyo inayoogopa kuuliza?

Njia ilikuwa wazi sasa. Saa tisa na nusu nikafungua kompyuta, betri imebaki kidogo kwa kuwa mvua hii haikuipa sola chochote. Nikaingia kisiwani, nikasimama barazani kwa Odile. Kidole kikakataa.

Saa kumi. Saa kumi na robo.

Ndipo Mama akaja nyuma yangu kuuliza kama nimebonyeza au bado, akaona kioo cha kompyuta. Sikuwahi kuufunga ukurasa. Alivuta kile kiti kidogo cha jikoni, akakaa, akasogeza uso mpaka nikaogopa ataigusa kompyuta kwa pua.

"Hii ni kwetu," akasema.

Nikamzungusha. Nikaingia naye ndani, chumba chake, chumba changu, nikatoka nyuma, nikamwonyesha uwanja wa kakao. Aliniambia mlango wa jiko nimeuweka upande usio wake. Alisema pia kulikuwa na ufa kwenye ngazi, mimi niliusahau. Sikulia, yeye pia hakulia, ila alikuwa ameshika bega langu na mkono wake ulikuwa mzito. Saa ya pembeni mwa kioo ilionyesha kumi na nusu imepita.

Nikamweleza kwamba nikibonyeza, kiti na paka vinarudi kwa Odile. Nyumba yenyewe ni yangu, na mashine itaniuliza: niiweke ghalani au niifute kabisa. Nikasema haraka kwamba bila shaka tutaiweka. Kuweka hakugharimu kitu. Tungeweza kuifungua siku yoyote tukitaka.

Mama akatikisa kichwa.

"Usiiweke," akasema. "Tukiiweka, tutabakia tu kuingojea. Ya kule, batu bengine balibomoa. Hii tubomoe siye benyewe."

Akaniuliza ni wapi. Nikamwonyesha. Akapangusa kidole kwenye kitenge chake, kwa kuwa kilikuwa na majivu ya jiko, akabonyeza kwa nguvu kama anayetoboa kitu. Kiti kikaondoka, paka akaondoka. Mashine ikauliza swali lake. Nikamwonyesha mahali pa pili, akabonyeza tena.

Majani matupu.

Mama akainuka, akarudisha kiti jikoni, na nikasikia anaongeza maji kwenye sufuria ya maharagwe. Nilimwandikia bwana wa Brazili zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili. Akalipa papo hapo. Nikampigia Kambale, nikamwambia kisiwa kimepona. Akaniuliza kama Mama yuko salama. Sijui alijuaje kuuliza hilo.

Kwa hiyo kila kitu kiko sawa. Jumatatu tutalipa, Kambale ataanza tena kuota pikipiki, na mimi nimejifunza kumwandikia mtu kabla ya kumhurumia. Ingekuwa siku nzuri ya kwenda kulala mapema, kesho tuwahi misa ya kwanza. Lakini angalia, maharagwe yameiva, Mama ameniita mara mbili, na mimi bado nimekaa hapa mbele ya kompyuta.

Kuna jambo sikumwambia. Katika ulimwengu ule, kitu ukikifuta hakipotei. Kinaingia kwanza kwenye kapu la takataka, na kinakaa humo mpaka mwenye kapu alimwage kwa mkono wake. Nyumba imo humo, na baraza lake, na jiko lenye mlango upande usio wake.

Nimelifungua kapu mara nne tangu saa kumi na moja.

Mama anaamini tumebomoa. Nitalimwaga lini?