Nyasi Zipo, Abti

Abti wangu, mjomba wangu wa pekee, kaka yake Hooyo, mama yangu, mwenye miguu mirefu kuliko subira,

Usinikasirikie kwa salamu hiyo. Ungekuwa karibu na fimbo yako ningekusalimu kwa adabu zaidi, lakini hauko, basi nasema nitakavyo. Na barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi uliyesema nimetoroka shule ya Garissa kabla wino haujakauka. Kweli nilitoroka. Lakini ona herufi zilivyosimama, kama ngamia wanaongoja zamu kisimani. Hizo mbili tatu zilizolala zimechoka tu.

Unaukumbuka ule msimu uliponichukua kwenda sahan? Mimi naukumbuka kila nikifunga kamba za viatu. Mvua ilikuwa imetukataa upande wa Balambala. Wazee wakasema inafaa mtu atangulie akatafute malisho, na kila waliposema "mtu" macho yote yalikuwa kwako. Hiyo sahan ndiyo ilikuwa kazi yako, kutangulia peke yako, uone nyasi ziko wapi na maji yako wapi, kisha urudi kuwaambia waliobaki na mifugo. Ulibeba kibuyu cha maziwa na mkuki. Safari hiyo ukanibeba na mimi, mzigo wenye kelele kuliko yote.

Tulipozipata nyasi, mimi sikutosheka.

"Abti, twende mbele! Huko lazima ziko nzuri zaidi."

Wewe ukaketi, ukaanza kujitoa mwiba. "Umewahi kunywa maziwa yaliyosahauliwa juani?"

"Nimekunywa."

"Sahan akitangulia mno, habari yake hufika hivyo hivyo, imechacha. Akirudi nyumbani, nyasi alizoziona zimeshaliwa na ngamia wa watu. Angalia walio nyuma yako. Wao wakiinuka, ndipo uondoke."

Niliona ni maneno ya mtu mwenye mwiba mguuni. Tuliporudi, wazee walituuliza yale maswali matatu wanayomuuliza kila sahan: kuna nyasi? Kuna maji? Kuna amani? Wewe ukajibu la kwanza na la tatu, la kati ukaniachia mimi. "Maji yapo," nikasema, na sauti yangu ikapasuka katikati. Hata hivyo nilitembea kifua mbele mpaka mbuzi wakanichoka.

Basi usishangae nilivyoucheza mpira pale mjini Garissa. Niliwakuta askari na makarani wamerundikana juu yake kama mbuzi kwenye chumvi, nikajiuliza, sahan wao yuko wapi? Nikajiweka mwenyewe. Nilitangulia, nikasimama karibu na golikipa wa upande wa pili, nikawa napiga naye soga juu ya mbuzi wake mgonjwa. Mpira ukifika, nausukuma ndani, kisha naendelea kumshauri kuhusu mbuzi. Koplo aliyekuwa refa wetu alijua sheria mbili tu: mpira haushikwi kwa mkono, na refa hapigwi. Nilifunga mabao, Abti! Wenye maduka wakawa wananiita Sahan, na mimi nikageuka kila nilipoitwa, hata nilipokuwa sijaitwa.

Ulikuja siku moja ukasimama pembeni kwa mguu mmoja, umeegemea mkuki. Mechi ilipokwisha nilikukimbilia.

"Watu wazima ishirini," ukasema, "wanaikimbiza ngozi ya ng'ombe aliyekufa. Walio hai nani anawachunga?"

"Lakini umeniona nilivyofunga?"

"Nimekuona umesimama. Hata mti husimama."

Wallahi, iliuma. Nikacheka kwa nguvu ili usijue.

Kisha askari mmoja wa timu yetu akahamishiwa Nairobi, akaenda kunisifia kwa timu ya huko, nikapata kibali cha kusafiri na nafasi juu ya lori la ngozi. Asubuhi ile Hooyo alilia. Wewe ulishika ubao wa lori kama unalikagua meno.

"Kwa hiyo unakwenda sahan."

"Nakwenda, Abti."

"Sahan gani asiyerudi na habari? Ukishaona, uje uniambie."

"Jina langu litakufikia kabla yangu!" nikapiga kelele, lori likakutia vumbi.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Nairobi waliniweka timu ya pili, kwenye uwanja wa vumbi jekundu. Walinipa viatu vyenye njumu, nikatembea kama ndama aliyezaliwa leo. Nikiomba pasi, ulimi wangu wa nyumbani ulipaza, "Lete basi!" na wao wakaniuliza ni basi la Thika au la Machakos. Nikavumilia, nikijua wataniona. Mechi ya kwanza nikasimama kwangu, karibu na golikipa. Nikafunga. Filimbi. Nikafunga tena. Filimbi. Uwanja mzima ukacheka, nikacheka nao, maana sikujua anayechekwa ni mimi.

Odera, mwalimu wa timu, akaniita pembeni. "Wewe kijana, kule unafanya nini?"

"Natangulia, mwalimu."

"Umeotea! Mpaka mwenzako aupige mpira, huruhusiwi kuwa umewapita mabeki."

"Kwetu mtu huyo anaitwa sahan."

"Kwetu anaitwa mjinga. Rudi nyuma."

Kichwa kilielewa mara moja, nina kichwa kizuri, unajua. Miguu ndiyo ilikataa. Nilikuwa na mbio kuliko wote, kwa hiyo walinipandisha timu ya kwanza, lakini hata huko miguu ilikuwa ikiniibia hatua. Ikafika siku ya mechi kubwa. Odera hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Ukiotea leo, kesho panda lori la Garissa." Nikajiona nikishuka mbele yako mikono mitupu.

Ila nilikuwa nimeshajua kwamba hutakuwapo. Wiki hiyo hiyo dereva wa lori alikuwa ameleta salamu za Hooyo. Ulikuwa umetoka tena kwenda sahan, mbali sana, kufuata mawingu ya Tarbaj, na homa kifuani. Hooyo alikusihi ungoje homa ishuke, au ungoje mwenzako arudi na ngamia wa safari, na hukungoja. Wafanyabiashara wa Tarbaj walikuzika kwa heshima na dua, Mungu awalipe. Mimi habari yako ilinifikia imechacha, Abti. Dua zilikuwa zimeshasomwa, na Hooyo ameshanyamaza.

Kipindi cha kwanza niliotea tena na tena. Watu wakaimba, "Rudi kwa ngamia! Rudi kwa ngamia!" Kipindi cha pili nikasimama katikati ya mabeki wao, na hapo nikakuona na ule mwiba wako. Angalia walio nyuma yako. Nikageuza shingo, nikautazama mguu wa mwenzangu kama tulivyokuwa tukimtazama yule ngamia jike wa mbele asubuhi ya kuhama, kabla hajanyanyua goti. Nikangoja. Sijawahi kungoja kitu kama vile. Mguu ukainuka, nikaondoka.

Mpira ulipita juu yangu, juu kabisa, nami nikakimbia nimeupa mgongo, nikaugeukia mara moja tu begani. Ulishuka mbele ya kiatu changu kama umetumwa. Nikaupiga ndani. Sikushangilia, nilimtazama refa. Filimbi alikuwa nayo mdomoni. Akanyoosha mkono, akaonyesha katikati ya uwanja. Bao!

Tangu siku hiyo hakuna winga wa kulia ila mimi, na mwezi huu nimeitwa kikosi cha koloni nzima. Najisifu, ndiyo. Nani atanikataza, wewe?

Lakini kuna jambo nalitafuna bado. Wewe ndiye uliyenifundisha kungoja. Basi wewe mbona hukungoja? Sina hasira. Ninayo kidogo. Nadhani uliwaona ngamia wa Hooyo wamebaki mifupa, ukaona wao wameshainuka, wewe ndiye umechelewa. Hivyo ndivyo nimeamua kuamini, na usinisahihishe.

Uliniambia nikishaona nije nikuambie, basi nakujibu kama wazee wanavyouliza. Nyasi zipo, Abti, uwanja mzima wa nyasi mbichi, na hakuna mbuzi hata mmoja anayeruhusiwa kuzigusa, ungelia. Maji yapo, yanatoka ukutani. Amani, ipo siku za mechi. Siku nyingine askari wananiuliza karatasi kila kona. Hooyo nimemtumia salamu kwamba akipenda, aje.

Nimemaliza habari yangu. Sasa zamu yako, maana umetangulia mbali kuliko sahan yeyote, nasi sote tunakuja huko huko nyuma yako, polepole, mmoja mmoja. Kuna nyasi? Kuna maji?

Kuna amani, Abti?

Ni mimi mpwa wako,
mti uliojifunza kukimbia.