Nyundo Imekwenda Kisaki

Mjomba,

Mvua haijakatika tangu tulipokuacha kule mlimani. Ukungu umeshuka mpaka chini, Uluguru haionekani, na mimi nilitaka ninapoandika nielekee upande wa Mkuyuni uliko. Nimebaki darasani peke yangu. Pale kaburini nilishindwa kusema nawe, watu walikuwa wengi, na unanijua. Kwa kalamu nitajaribu.

Nianze na motakaa ya Mjerumani, maana najua ndiyo ungeiulizia kwanza. Imetengemaa na imeondoka. Lakini nikikuambia hivyo tu utafikiri nyumbani ni kwema, na si kwema.

Uliiacha juu ya magogo, tundu la bolti ya springi ya nyuma likiwa wazi kwenye kiunzi. Nakumbuka ilivyoletwa ikisukumwa na vibarua wa shamba la katani. Dereva alikuwa amelazimisha bolti isiyo yake mpaka meno ya tundu yakaliwa yote, kisha akaizungushia nyuzi za katani ili ikaze. Ulizivuta zile nyuzi ukamwuliza kama anaendesha gari au anasuka mkeka. Hata yeye alicheka. Kisha ukanieleza taratibu, kama ulivyonieleza kila kitu: tundu lililoliwa meno halidanganywi. Unalipanua kwa keekee, unalikata meno mapya makubwa, unalijaza kizibo cha chuma chenye meno nje na ndani, ndipo bolti yake inarudi mahali pake. Kizibo ulikwisha kukichonga. Ulikilaza kwenye mafuta. Kesho yake hukuamka vizuri, na kikohozi kile

Sitaandika habari za kikohozi.

Kwenye matanga, mtani wetu Mzee Lukwele alikalia kigoda chako, akaiga unavyonusa ugoro na unavyougombeza mvukuto wa moto kama mke mvivu. Watu walicheka huku wanalia. Mtani msibani hakatazwi neno. Kisha akanigeukia mimi. "Na huyu mrithi, atafua chuma kwa kitabu?" Nikatazama miguu yangu.

Maana ndivyo wazee wa ukoo walivyoamua, na ndiyo desturi yetu: vya mtu huenda kwa mtoto wa dada yake. Walinivika kanzu yako, inaniburuza chini. Wakanipa jina lako. Wakanipa fuawe uliyofulia chuma, nyundo, koleo, tupa na keekee. Saidi mwanao, aliyekulia kibandani akivuta mvukuto wako, akaambiwa amfuate mama yake Kisaki kwa watu wa ukoo wao. Mikono mitupu. Na kwa kuwa sasa nina jina lako, ikabidi aniite baba. Ni mkubwa kwangu, Mjomba, ndiye aliyenifundisha kuogelea. Alisema, "Shikamoo, baba," mbele ya watu, macho yake yakiwa ukutani. Sikuweza kuitikia.

Mnyapara wa shamba alipokuja kuiulizia motakaa, nilimwendea Saidi nikamwomba tuimalize pamoja. Alikuwa anafunga mkeka wake.

"Hiyo kazi ya ukoo wenu," alisema. "Mimi hapa mgeni."

Nikaingia chini ya gari peke yangu. Nilikishika kizibo, nikakizungusha, kikashika kidogo, kisha chuma kikalia. Niliacha palepale. Nililala pale kwenye vumbi la mkaa, sijui kwa muda gani, nikitazama tundu. Halafu nikaona miguu ya Saidi. Alilala ubavuni mwangu, akakitoa kizibo, akafuta mchanga uliokuwa umenasa kwenye meno, akakipaka mafuta, akaanza upya: mbele kidogo, nyuma, mbele kidogo, nyuma. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya. Bolti ilipoingia na springi ikakaza, aliuacha mkono wake pale kwenye kiunzi.

"Baba angekigonga ukingoni kisije kikalegea," alisema. Hakukusudia mimi, alikusudia wewe. Nikampa nyundo.

Nilipoiona ile nyundo mkononi mwake nilijua nitakachokwenda kuwaambia wazee, na nikaogopa.

Walikaa kumuaga yeye na mama yake. Niliomba aende na vyombo. Babu mkubwa, ndugu yake bibi, alinijibu kwa upole kwamba chuma cha ukoo hakihamii ukoo mwingine, nikikua nitaelewa. Wote wakaitikia. Siku nyingine ningekaa chini.

"Babu, mmesema mimi ni baba yake," nilisema. Mama akafunika uso. "Baba akimtuma mwanawe kazini mbali, humpa vyombo. Mimi namtuma Kisaki."

Tulisikiliza maji yanavyotiririka kwenye makuti. Mwisho Mzee Lukwele akapiga goti lake. "Kanzu mmemvika wenyewe, si mimi. Sasa baba kasema. Mtamvua?"

Hawakunivua, ila Babu hajasema nami tena. Mama anasema nimewapa watu wengine mkono wa kaka yake. Ananipa chakula, anaondoka.

Waliondoka asubuhi kwa njia ya Kisaki. Fuawe ilifungwa kwenye mti wa mabegani, Saidi mbele, kaka wa mama yake nyuma, na nyundo ilikuwa kiunoni mwa Saidi. Alipofika penye mto aligeuka. Nilidhani ataniita baba, kwa kuwa wazee walikuwa wanatazama. Akasema, "Haya, Athumani." Nilifurahi. Tangu siku ile sijaitwa hivyo tena, nyumbani wote wananiita kwa jina lako, na mama kila akilisikia hugeuza uso.

Kibanda chako ni baridi. Kuku wameanza kutaga kwenye majivu. Jana alikuja mtu kutoka Kilakala na jembe lililovunjika, nikamwambia hakuna mhunzi, akanitazama mimi, akatazama kanzu, akarudi. Nilifikiri mtu akitenda haki hulala vizuri. Mimi sijui kama nimetenda haki. Najua tu kwamba nikitoka shuleni sisikii nyundo.

Sasa nakuaga, Mjomba. Mungu akupe nafasi huko uliko. Nasikia wazee wanasema mvua zikikatika watapeleka watu Kisaki kuvidai vyombo. Lakini wa kuwatuma ni mwenye jina lako tu, na hilo hawawezi kuniruka. Watanikasirikia, pengine mpaka niwe mtu mzima. Nakuahidi: maadamu mimi ndiye ninayelibeba jina lako, hakuna atakayetumwa.

Aliyekuwa mpwa wako,
Athumani