Mchezo Wako, na Ule wa Pili Nilioandika Mimi

Nyuma ya soko,
Kasongo, Maniema.
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa yaya Soraya, dada yangu mkubwa,

Amani ikufikie huko Lubumbashi, wewe na shemeji Fadhili na watoto. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Na wanafunzi wako wa hesabu, mwaka huu wanasikia au wanakuumiza kichwa kama wale wa mwaka jana? Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mvua zimeanza kwa nguvu. Wenye pikipiki wanaokwenda Kabambare wanakataa abiria wenye mizigo.

Mama mukubwa Binti, mama yako, goti lake limepata nafuu. Anatembea mwenyewe hadi sokoni na hataki mtu amshike mkono. Mimi bado niko na kibanda changu cha kupiga kopi, na mashine haijanisumbua mwezi huu.

Nimeandika hayo yote ili nichelewe kufika kwenye jambo lenyewe. Yaya, nimekukosea. Naomba usome mpaka mwisho, hata kama utaiweka barua chini kwanza na kuirudia kesho.

Unalikumbuka kaye lako, lile daftari la jalada la buluu, lile uliloandikia mchezo wetu kule Kabambare? Mama mukubwa alipohamia Kasongo alikuja nalo ndani ya sanduku la nguo zako. Mwezi wa pili alinituma nitoe shuka kwenye sanduku hilo, nikaliona. Sikumwambia. Nililitia chini ya shati, kama mwizi, kwa sababu hapo nilikuwa mwizi.

Usiku ule sikulala. Ulikuwa na miaka kumi na saba ulipouandika, na mimi kumi na mitatu. Chombo cha Mbegu: watu sita ndani ya chombo kinachopita kati ya nyota, dunia yao imekauka, wamebeba mbegu za kila mmea wakitafuta udongo wa kuzipanda. Wewe ulikuwa mwenye kaye, ukitusimulia tulipofika na tulichokiona, nasi tukikujibu tunafanya nini. Mimi nilikuwa rubani. Malaika, mdogo wako, alikuwa daktari. Dadu ilitoka kwenye mchezo wa ludo, na hewa ya chombo ilikuwa punje za mahindi ndani ya bakuli. Kila zamu punje moja inatoka.

Kisha ule ukurasa wa mwisho, uliouandika baada ya homa kumchukua Malaika njiani wakimleta hospitali. Mstari mmoja tu: «Malaika hatupiwi dadu tena. Yuko ndani ya chombo siku zote, na kila mgonjwa anamkuta.»

Kuna kikundi cha vijana kinachokutana Jumamosi katika chumba kimoja karibu na kibanda changu. Kiongozi wao anaitwa Dominique. Niliwachezesha mchezo wako. Mara ya kwanza walikuja watano, mara ya tatu hapakuwa na pa kukaa. Siku moja walishinda saa nne nzima wakijaribu kutengeneza redio ya chombo, hakuna aliyepigana na mtu, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Hewa ilipobaki punje tatu, msichana mmoja, Esther-Divine, alisema yeye atalala usingizi mzito ili wengine wapumue. Watu wazima walisimama mlangoni kumsikiliza.

Dominique akaniuliza, «Nani aliandika hii?»

Nikasema, «Ni mimi.»

Yaya, lilitoka kirahisi mno. Nilingoja moyo ukatae, haukukataa.

Sasa walidai mwendelezo, na mimi ndiye «mwandishi». Ningefanya nini? Mwezi wa saba na wa nane niliandika sehemu ya pili. Niliichapa kwenye mashine yangu, nikaweka ramani za rangi. Wako ulikuwa na sayari tatu, wangu kumi na mbili. Wako haukuwa na silaha hata moja, wangu una silaha thelathini, na kila moja ina alama zake. Kwako, mtu akikutana na kiumbe asiyemjua anamuuliza maswali. Kwangu anatupa dadu na kupiga. Kwako hewa ni ya wote. Kwangu kila mchezaji ana hewa yake, na anaweza kumwibia mwenzake. Niliona hayo ni maendeleo. Kelele ziliongezeka na nikahesabu kelele kuwa furaha.

Esther-Divine ndiye pekee aliyesema kitu. Alifunga kile kitabu changu akaniambia, «Ya pili haifanani na ya kwanza, kaka Bakari. Ni kama si mutu mumoja aliandika.» Nikacheka. Nilicheka sana, hata Dominique akanitazama.

Sehemu ya pili ilihitaji siri kubwa ya kufunuliwa mwishoni. Niliandika kwamba kuna msaliti ndani ya chombo, anayetia sumu kwenye hewa kidogo kidogo. Nilimchagua Malaika.

Mwezi wa kumi alikuja mgeni kutoka Kindu, anayekusanya kazi za vijana kwa ajili ya maonyesho. Tulipanga kuicheza sehemu hiyo ya pili mbele yake hadharani, mchana, watu wote wakaribishwe. Na mimi mwenyewe, yaya, nilikwenda kumwalika mama yako. Nilitaka aone. Nilimwekea kiti cha mbele. Alikuja amevaa kile kitenge chake cha kijani, na sahani ya vitumbua imefunikwa kwa kitambaa.

Mwanzo alikuwa akitabasamu. Aliposikia kuna daktari aitwaye Malaika alinitazama, macho yakamjaa machozi, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesema asante. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Ningeweza kusimama hapo. Ningeweza kusema umeme umekatika, au jina limekosewa, au lolote. Niliendelea.

Junior, kijana aliyekuwa nahodha, akauliza, «Ni nani anaweka sumu kwenye hewa?»

Nikasema, «Malaika.»

Chumba kizima kililipuka. «Mumuue! Mumuue Malaika!» Walikuwa wakiruka kwenye viti. Junior akatupa dadu, ikaanguka sita, na mimi nikatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Malaika amekufa. Watu walipiga makofi.

Mama mukubwa alisimama, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Hakukimbia wala hakulia. Sahani aliiacha kwenye kiti, na baadaye vijana wakala vile vitumbua wakisema vitamu. Mgeni wa Kindu alinishika mkono kunipongeza.

Kesho yake nilikwenda kwake. Alikuwa akichambua mchele. Hakunialika kukaa, nikakaa chini.

«Bakari,» akasema, «ile mutoto nilimuzika mara moja. Jana umeniita nikaone anazikwa tena, na watu wanapiga makofi.»

Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa nje.

«Soraya anajua?»

«Hapana, mama mukubwa.»

«Basi utamuandikia weye mwenyewe. Mimi sitakubebea hiyo muzigo.»

Jumamosi iliyofuata niliwaambia kikundi ukweli: kwamba mchezo wa kwanza ni wako, kwamba Malaika alikuwa mtu, na alikuwa na miaka kumi na minne. Junior aliinamisha kichwa, maskini, kama kwamba kosa ni lake. Nilimwambia si lake. Dominique alikasirika. Alisema nimewaaibisha wote mbele ya mgeni, na ana haki. Jina langu lilikuwa limekwisha andikwa kwenye orodha ya maonyesho. Nilimpigia mgeni nikamwomba alifute, akalifuta bila kuniuliza mengi. Esther-Divine aliniletea nakala yake mwenyewe kabla sijamwomba.

Nilikuwa nimechapa nakala kumi na moja. Nimekusanya tisa, nimezichoma nyuma ya kibanda. Mbili zilikwenda Kindu na watu nisiowajua, na nimeuliza kila mahali. Kwa hiyo kuna watu, yaya, ambao wakitaja jina la Malaika wanamtaja kama msaliti, na mimi siwezi kuwafikia. Hilo ndilo linaloniamsha.

Kaye lako linakuja pamoja na barua hii. Célestin, yule mfanyabiashara wa Lusangi, anasafiri juma hili mpaka kwenu. Nimelifunga kwa plastiki mara mbili. Sikuandika kitu ndani yake.

Limebaki moja, nalo ni gumu kuliko yote. Siku ile ya mchele mama mukubwa aliniuliza kama nilikuwa nimesahau Malaika alikuwa nani. Nikamjibu ndiyo, nilisahau, ilikuwa zamani, nilikuwa mtoto. Uso wake ulilegea kidogo. Alinihurumia.

Sikusahau. Nilipokuwa nikitafuta msaliti niliandika kwanza jina la fundi, nikalifuta. Nikaandika rubani, nikalifuta. Kisha nikamwona Malaika, pale Kabambare kwenye mkeka, akimfunga rubani wangu bandeji ya kitambaa na kuniambia nisijitikise. Nilimwona wazi kabisa. Nikajua kwamba jina lake ndilo litakalowauma watu zaidi, na nikaliandika kwa sababu hiyo.

Mama yako bado anaamini nilisahau. Kesho asubuhi, kabla sijampa Célestin bahasha hii, nitakwenda kumwambia. Ukiisoma, ujue tayari amesikia kutoka kinywani mwangu.

Msalimie shemeji Fadhili. Wapakate watoto kwa niaba yangu, hasa Lukumani mdogo. Mke wangu Latifa na mama yangu wanakusalimu, hawajui ninachokuandikia. Mungu akuhifadhi na kila homa, akupe watoto watakaokuzika na si wewe kuwazika wao.

Sikuombi unijibu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyestahili kuliandika neno hilo,

Bakari