Viatu Vilivyokubana

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kama misumari ya karakana yangu. Hujambo wewe, hajambo shemeji, watoto nao? Huku sote wazima, ila dada anaumwa magoti na lawama anazitupa kwangu.

Mimi bado ndiye fundi viatu ambaye kwa miaka arobaini hajakosea mguu wa mtu. Haya, acha kucheka. Nimekosea, tena wako.

Hapa mtaani kuna dereva wa lori. Kila mwaka alikuja kulalamika kwamba viatu vimembana. Nikamtania kwamba ndevu zina mvi lakini bado anakua. Mwaka huu mkewe alimburuta hospitali, maana alishakwaruza magari mawili ya watu: aliona mbele tu, pembeni giza. Daktari akamweleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, na yake imeota uvimbe unaomwaga kichocheo cha kukuza mwili. Mtu mzima harefuki tena, ila polepole nyayo, mikono na taya hupanuka, meno yanaachana, pete inagoma kuingia, kichwa kinauma. Uvimbe wameutolea puani. Puani, bwana wee! Sasa anaona hata nisiyotaka ayaone.

Aliponisimulia, sindano ilinidondoka. Nikatoa picha yako ya harusi ya bintiyo, nikaiweka kando ya ile uliyopiga mwaka ulipoondoka nyumbani. Taya lile si la ukoo wetu. Sisi videvu vyetu ni vya kuku. Pete umeitundika kwenye mkufu. Nikazisoma upya barua zako: kichwa kinauma, kichwa tena, bega limegonga mlango. Zamani niliziona deko za mtu aliyeshiba.

Sasa nikuungamie. Uliposema viatu nilivyokutumia vinakubana, nilidhani umezoea vya dukani, unanidharau. Nikachukua kalibu ya mti niliyoichonga kwa kipimo cha mguu wako kabla hujaondoka, nikailinganisha na vipimo nilivyoshonea, vikawa sawasawa, nikaamua mwongo ni wewe. Jozi ya pili niliipunguza makusudi. Kisha nikanuna miaka mitatu. Ila kila asubuhi nikifungua karakana naisalimia ile kalibu, naiita Kisigino kama nilivyokuita wewe, halafu nangoja kama mwehu. Nimekukumbuka, wee acha tu.

Mimi si daktari, darasa la nne lilinitosha. Huenda ni unene tu. Lakini nenda wiki hii, wakupime damu, wakupige picha ya kichwa, na macho pia wayaangalie kabla pembeni hapajazima. Waambie habari ya viatu, usione haya.

Nisalimie nyumba nzima. Halafu kuna wema mmoja nakudai: kioo cha mwalimu ulivunja wewe, viboko nikala mimi. Nilipe hivi: simama juu ya karatasi, shemeji akuchoree nyayo zote mbili, unitumie. Safari hii nitaamini karatasi.

Kaka yako mkorofi,
Fundi