Sentensi Niliyoiruka Mbele ya Mkwe

Mpendwa Mama Jere wa redioni, naomba msaada na naomba usinigombeze kabla hujafika mwisho, maana mimi ni mkalimani wa mikutano katika mgodi mmoja wa shaba hapa Mufulira, mwaka wa kumi na tisa sasa, kazi yangu ni kuchukua Kiingereza cha wakubwa na kukiweka katika Kibemba cha wachimbaji, na Mama, Kiingereza cha uchumi mbaya kinanistaajabisha hadi leo. Kila neno lina mwenzi wake kama watu waliofunga ndoa: uchumi husinyaa, mahitaji huporomoka, bei hutumbukia, kampuni hukaza mkanda, ajira hupukutika, kisha mambo hugusa sakafu na kuanza kuchipua, na katika yote hayo hakuna hata mtu mmoja aliyefanya jambo, ni kama mvua tu. Nikiyasikia mwili hunisisimka.

Jumatano iliyopita bwana mkubwa aliyasema yote, nami nikayamwaga kwa Kibemba mpaka nikajishangaa mwenyewe, wanaume mia tatu ukumbini wamepakata kofia zao za chuma, ndipo akatoa sentensi moja kavu: shimo la nne linafungwa mwisho wa mwezi, anayetaka kufikiriwa shimo la pili ajiandikishe kabla ya Ijumaa ijayo, asiyejiandikisha ameacha kazi. Nikafungua kinywa, nikamwona baba mkwe, Bashi Mutale, yaani baba yake Mutale, mke wangu, mstari wa mbele kabisa, na wewe unajua kwetu mtu hamtazami mkwewe usoni, sembuse kumwambia hadharani kwamba kazi yake imekwisha. Nikairuka. Nikasema, "Tushikamane." Wakapiga makofi, Mama, yale ya heshima, ya viganja vilivyokunjwa, na mkwe akapiga kuliko wote. Tangazo limebandikwa kwa Kiingereza, hakuna anayelisoma kwa sababu wanasema mimi nimeshawasomea. Mutale ananiuliza mbona sili nshima, ugali wetu. Nifanyeje?

Mkalimani, Mufulira

Mkalimani,

Nimekusoma hewani, na kwenye hayo makofi nikarudia mstari mara mbili. Watu mia tatu wanakuamini hivyo! Mimi hata mume wangu hajawahi kuniamini kiasi hicho. Nimeogopa kwa niaba yako.

Pole. Mkwe ni mkwe, hilo nalielewa. Lakini wale wengine si wakwe zako, walikukosea nini? Unamwonea haya mzee mmoja, ukumbi mzima unakosa kazi?

Bahati yako Mungu alituumba sisi Wangoni, watani wenu, tunaoweza kuwaambia Wabemba lolote hata msibani. Basi, Bashi Mutale, ongeza sauti ya redio. We mla tumbili! Acha kupiga makofi ovyo! Shimo lako linafungwa, kajiandikishe kabla ya Ijumaa, na usimnunie mkweo, amekuheshimu mpaka akawa bubu! Haya, mkwe ameambiwa na aliyeruhusiwa kumwambia. Kama hakusikia, jirani yake yuko njiani sasa hivi anakimbia.

Waliobaki ni wako. Shimoni redio haifiki. Kesho alfajiri, kabla zamu haijashuka, simama langoni uiseme ile sentensi mara tatu, bila kusinyaa wala kuchipua ndani yake. Sema pia kwamba uliiruka. Watakutukana, na wana haki; usiondoke. Kisha kaa mezani na kila asiyejua kuandika, umjazie fomu mwenyewe.

Kuna jambo limenishangaza kuliko Kiingereza chako chote. Katika kurasa nne umemweka mkwe, mkeo, bwana mkubwa na wanaume mia tatu, lakini hujajiuliza, wachimbaji wakishaondoka, nani atakaa ukumbini asubiri kutafsiriwa? Tangazo lile linakuhusu na wewe. Ukimaliza kuwaandika wenzako, baba, andika jina lako.