Seva Iliyojisikiliza Yenyewe

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Mbooni tu wazima, na mvua imetukumbuka.

Umeuliza kwa nini programu inawaka kwenye seva yako lakini kompyuta zingine haziipati. Hayo yalinipata nikiwa fundi, siku tulipofungua mtambo mpya wa oda kwenye hoteli moja ya Mtito Andei. Kompyuta ya jikoni, alikopika mke wangu, susu yako, haikupokea oda hata moja. Madereva wa malori walianza kugonga meza. Nilibadilisha nyaya zote, na mwenye hoteli akaanza kuomba kwa sauti.

Mwishowe nikaandika amri ya netstat kwenye seva ya hoteli, nione inasikiliza porti gani, yaani mlango gani wa mtandao. Porti ilikuwepo, lakini kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo ni ya seva yenyewe, kompyuta nyingine haziifikii.

Susu yako akachungulia na mwiko mkononi. "Inasema nini?"

"Inajisikiliza yenyewe tu."

"Kumbe mmefanana!"

Madereva walicheka hadi wakasahau njaa. Nikairekebisha isikilize anwani zote, na nyama ikatoka jikoni.

Siku hizi andika ss -tln badala ya netstat, usome anwani iliyo mbele ya porti kabla hujagusa waya.

Susu yako ananiita. Safari hii nimesikia.

Umau wako